Chini ya Sifuri: Rekodi za Namba Zilizokataliwa

Daftari la madeni la mangi wa duka la kwetu Kijenge halina alama ya kutoa hata moja. Lina majina, na mbele ya kila jina kiasi: unga, sukari, vocha. Hata hivyo ni daftari la namba hasi tupu. Mabingwa wa hesabu wa Ulaya walibishana karne nzima nzima kama namba hizo zipo. Rekodi za ubishi huo ni hizi.

Kongwe kuliko zote. Kitabu cha Wachina cha Sura Tisa, chenye umri wa miaka 2,000 hivi, kinakokotoa namba hasi kwa vijiti. Mwaka 263 Liu Hui akafafanua: vyekundu ni chanya, vyeusi ni hasi. Mhasibu wa leo, anayeandika hasara kwa wino mwekundu, amezipindua rangi hizo.

Sheria iliyodumu. Mwaka 628, Brahmagupta wa India aliziita chanya mali na hasi deni, akatamka kwamba deni mara deni ni mali. Mangi anaelewa: akikufutia madeni 3 ya shilingi 2,000, umepata 6,000.

Mkwepaji stadi. Al-Khwarizmi wa Baghdad, ambaye kitabu chake cha karne ya 9 kilitupa neno aljebra, aliyagawa milinganyo katika mafungu 6 ili asikutane na hasi popote.

Mkaidi kuliko wote. Mwaka 1758, miaka 1,130 baada ya Brahmagupta, mwanasheria Mwingereza Francis Maseres alichapa kitabu cha kutaka namba hasi zifukuzwe kwenye aljebra.

Njia ya panya maarufu zaidi. Mwaka 1545 Cardano wa Italia aligawa 10 katika sehemu mbili zenye zao la 40. Akaangukia kipeuo cha pili cha hasi 15, akaona ni hesabu isiyo na faida. Mwaka 1572 Bombelli alishika mlinganyo ambao jibu lake ni 4, namba halali kabisa, lakini kanuni ilimpitisha kwenye vipeuo vya namba hasi. Alipita humo, akatokea sokoni na 4 yake mkononi.

Jina lililoonea zaidi. Mwaka 1637 Descartes aliviita vipeuo hivyo vya namba hasi namba za kuwaza tu. Jina likaganda.

Aliyesubiri zaidi. Caspar Wessel, mpima ardhi kutoka Norway, alizichora namba hizo za kuwaza kama nukta kwenye bapa mwaka 1797. Wanahisabati walikaa karibu miaka 100 bila kuligundua andiko lake.

Hasi yenye kina nyumbani. Kutoka Kijenge tunautazama Mlima Meru, mita 4,566 chanya. Ziwa Tanganyika liko mita 773 juu ya bahari, na kina chake kinafika 1,470. Toa: sakafu yake iko karibu hasi 700.

Kisasi kitamu zaidi. Mwaka 1893 mhandisi Charles Steinmetz alionyesha Wamarekani jinsi namba za kuwaza zinavyorahisisha hesabu za umeme wa mkondo geu, huu huu unaofika dukani kwa mangi. Usiku, chini ya taa ya umeme huo, jina langu linasomeka vizuri: 4,500. Nimjaribu mangi kwa hoja za Maseres?