Nafasi za Walinzi katika Softiboli: Mahali au Kazi?

Softiboli ilianza mjini Chicago, Marekani, mwaka wa 1887, George Hancock alipoubuni mchezo wa kuchezwa ukumbini kwa kuiga besiboli. Timu moja hupiga mpira kwa gongo na kukimbia kuvizunguka vituo vinne, cha nne kikiwa kile cha nyumbani anapopigia mpigaji. Timu nyingine, yenye wachezaji tisa, huulinda uwanja hadi iwatoe wapinzani watatu. Mtazamaji mgeni huwaona walinzi hao wamesimama kila mmoja pake, akadhani kuwa nafasi ni mahali. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba nafasi ni kazi, na kwamba mahali pa kusimama ni mwanzo tu wa kazi hiyo.

Kila nafasi ina nambari yake katika kumbukumbu za mchezo. Mrushaji ni 1 na mdakaji ni 2. Majina haya mawili yanastahili kuzingatiwa, maadam yameundwa kutokana na vitenzi: humtaja mtu kwa atendalo. Katika michuano mikubwa ya wanawake, mrushaji husimama mita 13.11 kutoka kituo cha nyumbani, akarusha mkono ukipitia chini ya nyonga. Mpira ukishamtoka, yeye naye huwa mlinzi. Mdakaji huchutama nyuma ya mpigaji, amevaa kinga ya uso na kifua. Kwa kuwa ndiye pekee anayewatazama wenzake wote ana kwa ana, humwashiria mrushaji aina ya mpira wa kurusha na kuwatangazia wengine pa kuutupa.

Walinzi wa vituo vya kwanza, pili na tatu ni 3, 4 na 5. Hapa jina la mahali huweza kupotosha. Mlinzi wa kituo cha kwanza, kwa mfano, kazi yake kuu ni kupokea: mpira uliopigwa ukaviringika ardhini huokotwa na mwenzake, naye huupokea mguu ukiwa kituoni kabla mpigaji hajafika. Aidha, kuna wakati anaoacha kituo kabisa. Mpigaji akiugusa mpira kidogo tu ili uanguke karibu, walinzi wa kwanza na wa tatu hukimbilia mbele kuuokota. Ndipo yule wa pili hukimbia kukishika kituo cha kwanza kilichoachwa wazi. Umbali kati ya kituo na kituo ni mita 18.29 pekee, hivyo basi anayengoja kuambiwa huwa amekwisha kuchelewa.

Nambari 6 ni ya mlinzi asiye na kituo, asimamaye kati ya kituo cha pili na cha tatu. Jina lake la Kiingereza halifasiriki neno kwa neno. Kumwita mlinzi wa katikati kunaeleweka zaidi. Huzuia mipira mingi ya upande wa kushoto, hushika kituo cha pili au cha tatu mwenyewe anapotoka, na kupokeza mipira itokayo mbali.

Walinzi wa nyuma ni watatu: wa kushoto ni 7, wa kati 8 na wa kulia 9. Aghalabu wa kati ndiye huwa na kauli ya mwisho mpira wa juu unapoelekea baina ya wawili, wasije wakagongana. Yule wa kulia hudhaniwa kuwa hana shughuli. Ilhali kila mpira unaotupwa kituo cha kwanza humlazimu kukimbilia nyuma yake, endapo utampita mpokeaji.

Ukweli wa hoja hii ulidhihirika tarehe 27 Julai 2021, katika fainali ya Michezo ya Olimpiki iliyochezewa Yokohama, Japani. Awamu ya sita kati ya saba, Marekani ilikuwa nyuma kwa 2-0 lakini ina wakimbiaji vituoni. Amanda Chidester aliupiga mpira kwa nguvu, ukamgonga mkononi mlinzi wa kituo cha tatu, Yu Yamamoto, ukaruka kando. Kabla haujagusa ardhi, mlinzi wa katikati, Mana Atsumi, aliudaka, na hapo mpigaji akawa ametolewa. Kwa mujibu wa kanuni, mpira ukidakwa hivyo mkimbiaji sharti arejee kituoni alikotoka. Atsumi aliutupa kituo cha pili, mwenzake akaupokea, na mkimbiaji aliyekuwa amekiacha kituo hicho akatolewa pia. Japani ilishinda kwa 2-0.

Mpira ule ulikuwa umeelekea kwa nambari 5, wala si kwa nambari 6. Lau Atsumi angeihesabu nafasi yake kuwa mahali, angebaki mtazamaji. Kidole kimoja hakivunji chawa. Na katika softiboli, mchezaji asiye na mpira ndiye kidole cha pili.