THELUJI SI BARAFU: ISTILAHI ZA KAZI YA KUZOA THELUJI

Utangulizi

Istilahi aghalabu huzaliwa penye kazi. Mvuvi ana majina ya nyavu zake, seremala ana majina ya randa na patasi, na mkulima wa mpunga hakosi neno kwa kila hatua ya shamba lake. Kwa hiyo si ajabu kwamba Kiswahili, lugha iliyokulia kando ya bahari ya joto, kina maneno machache tu ya theluji, na hayo machache yamekuwa yakitumiwa bila ya kupambanuliwa. Kwa muda mrefu jambo hilo halikuleta madhara. Theluji ilikuwa kitu cha kusomwa katika vitabu vya jiografia na katika hadithi zilizofasiriwa. Ni wachache miongoni mwetu walioamka alfajiri wakaikuta imewazibia mlango.

Hali hiyo imebadilika. Wasemaji wengi wa Kiswahili, wakiwamo maelfu waliotoka mashariki ya Kongo, sasa wanaishi katika miji ya Marekani, Kanada na kaskazini ya Ulaya, ambako theluji huanguka miezi kadhaa kila mwaka. Huko hupokea matangazo ya mji, barua za shule na maonyo ya hospitali, na baadhi ya maandishi hayo hufasiriwa kwa Kiswahili. Katika makala haya tunakusudia kuieleza kwanza kazi yenyewe ya kuondoa theluji, kisha kupendekeza maneno yanayoifaa. Hoja yetu ni moja: mfasiri asiyetenganisha theluji na barafu humpa msomaji wake chombo kisicho chake, na pengine humtia hatarini.

Asili na matumizi ya maneno haya mawili

Neno theluji limetoka katika Kiarabu. Neno barafu asili yake ni Kiajemi, nalo limezagaa pia katika lugha za Bara Hindi. Ajabu ni kwamba katika Kiajemi neno hilo la pili maana yake hasa ni theluji, na katika Kiarabu neno la kwanza huweza kumaanisha theluji au barafu. Basi anayetafuta tofauti kwa kufuata asili ya maneno hatafika mbali. Tofauti imeletwa na matumizi yetu wenyewe. Barafu ndiyo inayofukiwa samaki sokoni, ndiyo inayotoka katika jokofu, na ndiyo wanayoinunua watoto nje ya shule. Ni maji yaliyoganda yakawa magumu. Theluji ni ile inayoanguka kutoka mawinguni, nyeupe, laini, yenye hewa nyingi ndani yake.

Hata hivyo katika mazungumzo ya kila siku mpaka huo huvukwa. Watu wanaoutazama mlima Kilimanjaro, wenye urefu wa mita 5,895, husema kileleni kuna barafu, na wengine husema kuna theluji. Na kwa kweli vyote viwili hupatikana. Johannes Rebmann alipouona weupe wa mlima huo mwezi Mei 1848, kiongozi wake wa njia hakuwa na jina la kitu kile, ila alikiita baridi tu. Kiongozi yule hakukosea: alikitaja kwa athari yake. Lakini tangazo la mji haliwezi kutosheka na jina la athari, maana msomaji anatakiwa atende jambo fulani kwa chombo fulani kabla ya saa fulani.

Kazi yenyewe ilivyo

Katika miji mingi ya nchi hizo sheria humtaka mwenye nyumba, na mara nyingine mpangaji, asafishe njia ya waendao kwa miguu iliyo mbele ya nyumba yake. Katika mji wa Minneapolis, kwa mfano, mwenye nyumba ya familia moja hupewa saa 24 baada ya theluji kuacha kuanguka. Muhula huo una sababu. Theluji iliyotoka kuanguka huondolewa kwa urahisi. Ikikanyagwa na wapita njia, au ikiyeyuka mchana na kuganda tena usiku, hugeuka barafu. Hapo huwa imeshikamana na sakafu, wala beleshi la kawaida haliiwezi.

Tuseme sasa mfasiri ameandika neno barafu mahali pote, na tangazo linasomeka: “Ondoa barafu mbele ya nyumba yako, mwaga chumvi juu ya barafu.” Msomaji mtiifu huenda akamwaga mfuko mzima wa chumvi juu ya theluji yenye kina cha sentimita 30. Chumvi hiyo itapotea bure. Kazi ya chumvi ni kushusha kiwango cha joto ambacho maji hugandia, nayo hufaa juu ya utando mwembamba wa barafu uliobaki baada ya theluji kuzolewa. Aidha, baridi ikizidi nyuzi 9 hivi chini ya sifuri za Selsiasi, chumvi ya kawaida hufanya kazi polepole mno, na watu hulazimika kutumia chumvi za aina nyingine au kunyunyiza mchanga ili miguu isiteleze. Tangazo sahihi lingesema: “Zoa theluji kwanza; kisha nyunyiza chumvi kidogo juu ya barafu iliyobaki.” Maneno mawili, vitendo viwili, vyombo viwili.

Chombo na vitenzi vyake

Kwa chombo cha kazi hii Kiswahili si maskini hata kidogo. Tuna beleshi, sepetu, pauro na koleo, na mafundi wa ujenzi wa Tanzania husema chepe. Tunapendekeza beleshi la theluji, au chepe la theluji pale msomaji anapolizoea neno hilo zaidi. Neno koleo tungeliepuka, kwa kuwa wengi hulifahamu kuwa chombo cha kushikia kaa la moto. Sifa ya “la theluji” isiachwe. Beleshi hili ni pana kuliko la mchanga, aghalabu ni la plastiki au alumini ili liwe jepesi, na baadhi yake limepindwa mpini ili mtumiaji asiinamishe mgongo kupita kiasi.

Kuhusu vitenzi, tunaona mfasiri anahitaji vinne. Kuondoa ni neno la jumla, nalo lafaa katika maandishi ya sheria. Kuzoa ni kuchukua kwa beleshi na kutupa kando. Ndilo neno ambalo halmashauri za miji yetu zimekwisha kulizoea katika uzoaji wa taka, na kwa hiyo uzoaji wa theluji utaeleweka mara moja. Kusukuma ni kuipeleka theluji mbele bila ya kuinyanyua. Kukwangua ni kwa barafu iliyoganda juu ya kioo cha gari au ngazi.

Tofauti ya kuzoa na kusukuma si pambo la lugha. Na tupige hesabu. Njia yenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 1.5, ikifunikwa na theluji ya sentimita 30, hubeba mita za ujazo 4.5. Theluji kavu yenye uzito wa kilo 100 kwa kila mita ya ujazo itatoa kilo 450. Theluji yenye majimaji huweza kufikia kilo 300 kwa mita ya ujazo, na hapo jumla ni kilo 1,350. Huo ni mzigo unaozidi magunia 13 ya kilo 100, unaonyanyuliwa na mtu mmoja asubuhi kabla ya kwenda kazini. Ndiyo maana waganga husisitiza kusukuma kila inapowezekana, na inapobidi kuzoa, kuzoa kidogo kidogo, magoti yakiwa yamekunjwa, bila ya kuirusha theluji nyuma ya bega.

Maonyo yahusuyo uhai

Hapa ndipo uzito wa istilahi unapoonekana. Baridi huifanya mishipa ya damu isinyae, na shinikizo la damu hupanda. Wakati huohuo mikono inafanya kazi nzito na moyo unadai damu zaidi. Utafiti uliochapishwa Kanada mwaka 2017, uliochunguza kumbukumbu za jimbo la Quebec tangu 1981 hadi 2014, ulionyesha kwamba wanaume walipatwa zaidi na maradhi ya ghafla ya moyo, na vifo vyake, siku iliyofuata theluji nyingi.

Katika maonyo hayo wafasiri wengi huandika mshtuko wa moyo. Neno mshtuko, hata hivyo, msomaji huweza kulichukua kwa maana ya kustuka au kupata habari mbaya. Tunaona shambulio la moyo ni wazi zaidi, na hata hilo lisiachwe peke yake. Liambatane na dalili: maumivu ya kifua yanayoenea mkononi au tayani, kukosa pumzi, na jasho jembamba. Istilahi iliyo sahihi lakini haimfanyi mtu aweke beleshi chini na kuita msaada, haijatimiza kazi yake.

Mfano wa Buffalo, katika jimbo la New York, hauna budi kutajwa, maana huko pia wanaishi wakimbizi wengi kutoka Kongo. Upepo baridi unaovuka ziwa Erie huchota unyevu na kuumwaga nchi kavu ukiwa theluji. Mwezi Novemba 2022 viunga vya kusini vya mji huo vilipata theluji ya takriban mita 2 katika siku chache. Mwezi Desemba mwaka huohuo ikaja dhoruba iliyoua watu zaidi ya 40 katika wilaya ya Erie. Wengine walikutwa na mauti ndani ya magari yaliyokwama, na wengine mioyo yao ilisimama wakati wakiondoa theluji. Mtu aliyekwama garini na kuwasha injini apate joto anahitaji onyo moja fupi: “Zoa theluji iliyoziba bomba la moshi la gari kabla ya kuwasha injini.” Bila ya hivyo gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, huingia ndani ikaua.

Maneno mengine yanayopendekezwa

(a) Dhoruba ya theluji: theluji yenye upepo mkali, ambayo mtu haoni mbele. Idara ya hali ya hewa ya Marekani hulitumia jina lake upepo unapofika kilomita 56 kwa saa na macho hayaoni zaidi ya mita 400, kwa muda wa saa 3 au zaidi. Neno kimbunga lisitumiwe. Msomaji atafikiri mvua na mafuriko.

(b) Utando wa barafu: barafu nyembamba isiyoonekana barabarani. Kufasiri neno kwa neno na kuiita barafu nyeusi ni kumpotosha msomaji, ambaye atatafuta rangi nyeusi na hataiona kamwe.

(c) Tuta la theluji: theluji inayorundikwa ukingoni na magari ya kusukuma theluji.

(d) Tope la theluji: theluji iliyoyeyuka nusu.

(e) Sakitu: umande ulioganda juu ya majani na vioo. Jalidi ni kisawe chake.

(f) Majira ya baridi: tunalipendelea kuliko kipupwe, kwa kuwa kipupwe cha kwetu ni Juni hadi Agosti, ilhali baridi ya kaskazini huanza Desemba. Tarehe ya mwezi iandikwe kila mara.

Tamati

Tumeona kwamba maneno karibu yote yaliyotajwa tayari yamo katika Kiswahili: beleshi, kuzoa, tuta, tope, utando. Kilichokosekana ni kuyapangia kazi. Walimu wa jiografia wanaweza kuanza darasani, kwa kuwa Kilimanjaro, Kenya na Ruwenzori ni milima yetu na mfano uko karibu. Watumishi wa ofisi wanaoshughulikia habari za wasafiri nao wayatumie maneno haya kwa namna moja. Wafasiri walioko katika nchi za baridi tunawaomba watueleze ni maneno gani wasemaji wenzao wanayatumia wakiwa na beleshi mkononi, kwani istilahi inayofaa ni ile ambayo mwenye kazi ataikubali.