Karate, judo au ndondi: upi utakufaa?

Wengi hujiunga na michezo ya kujihami baada ya kuvutiwa na mateke ya filamu. Hata hivyo, barabarani mambo huwa tofauti.

Taekwondo ya Korea hutegemea sana mateke ya juu. Huimarisha miguu na pumzi, lakini kwenye matope, ukiwa na viatu vya ofisini, ni rahisi kuteleza.

Ndondi hufunza kukwepa na kustahimili kugongwa. Lakini ngumi isiyo na glavu huweza kuvunja mifupa ya kiganja, na kupigwa kichwani mara kwa mara hudhuru ubongo.

Judo, iliyoanzishwa Japani na Kano Jigoro mnamo 1882, hufunza kuanguka bila kuumia na kujinasua ukikabwa. Ukipigwa ngeta, inamisha kidevu upesi, kisha vuta chini mkono unaokukaba kwa mikono yote miwili.

Karate hutegemea mwalimu. Kupiga hewa pekee hakutoshi. Chagua klabu ambako mwenzako hukukabili kwa nguvu.

Kisu kikitolewa, usitegemee mtindo wowote. Toa mkoba, kisha ukimbie. Mkoba hununuliwa tena, uhai haununuliki.