Ukunda au Mombasa: Ushukie Wapi?

Ukipiga mstari ulionyooka kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, Ukunda iko kilomita 440 hivi na Mombasa 420 hivi. Angani tofauti hiyo ni ya dakika chache tu, kwa hiyo muda ulioandikwa kwenye tiketi haukusaidii kuchagua. Safari ya Pwani ya Kusini huamuliwa na kilomita 40 za mwisho, za ardhini.

Ukitua Ukunda umefika. Kiwanja kiko pale pale mjini. Unachukua begi, unapanda tuktuk, mara uko Diani. Hiyo raha ina bei yake. Njia ya kurukia ni fupi, ndege ni za pangaboi, viti ni vichache, na Desemba na Pasaka nauli hupaa. Tena ndege ndogo za uwanja wa Wilson, Nairobi, kwa kawaida hukupa kilo 15 tu za mzigo, kwa hiyo anayerudi nyumbani na zawadi za ukoo mzima ajiandae kulipia ziada.

Mombasa hutua ndege kubwa, na viti vikiwa vingi nauli nafuu hupatikana kwa urahisi zaidi. Kazi huanza ukishatoka nje. Njia ya bei ya chini kabisa ni feri ya Likoni, ambayo mwenda kwa miguu hatozwi hata senti: unashuka matatu, unateremka na umati, unavuka, unapanda ng'ambo gari la Ukunda. Kijana mwenye begi moja hana shida. Mama mwenye mtoto mgongoni na mzee wa kushikwa mkono, simshauri.

Tangu 2024 kuna barabara ya Dongo Kundu, inayotoka Miritini hadi Kibundani bila kugusa feri. Kwangu mimi hilo limebadilisha hesabu yote. Zamani ulilipia Ukunda ili uikwepe foleni ya Likoni isiyotabirika. Leo unalipia kukwepa mwendo wa saa moja na ushei kwenye lami. Watu wanne wakichangia teksi, nauli ya Ukunda ni vigumu kuitetea.

Kwa familia, treni ya SGR ndiyo mshindi. Tangu Januari 2024 daraja la kawaida ni shilingi 1,500, na mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Baba, mama na watoto wawili ni 4,500, sawasawa na tiketi moja ya daraja la kwanza. Hesabu saa tano hadi sita za njiani, na ufike stesheni ya Nairobi saa nzima mapema, kwani mabegi hupangwa mstari chini yanuswe na mbwa kabla hujaingia. Stesheni ya Mombasa iko Miritini, jirani na Dongo Kundu, kwa hiyo mjini huingii. Ila treni ya alasiri hufika usiku.

Anayekwenda Kwale mjini aachane na Ukunda: njia ya Kwale huchepuka Kombani, na kutoka Ukunda itambidi arudi nyuma kupitia Tiwi. Wa Msambweni ni kinyume chake, kwake Ukunda ni njiani. Ukipigiwa simu ya msiba alfajiri na maziko ni alasiri, tafuta kiti cha Ukunda kwanza, nauli utaizungumza baadaye.