Ini la Mtoto (3): Sodiamu Inaposhuka

Juma lililopita tuliona jinsi watoto wa Marekani wanavyopangwa kwenye foleni ya kupandikizwa ini. Kwa walio chini ya miaka 12 hutumika kipimo cha PELD, kilichoanza mwaka 2002: bilirubini, albumini, muda wa damu kuganda, umri, kudumaa. Mwaka 2023 kikaongezewa kreatinini. Sodiamu haimo, ingawa kwenye kipimo cha watu wazima ilishaingizwa tangu Januari 2016.

Na hapo ndipo penye utata. Kwa kawaida lita moja ya damu huwa na milimoli 135 hadi 145 za sodiamu. Tafiti za watoto wenye sirosisi, yaani makovu ya ini, wanaosubiri ini zimehusisha sodiamu iliyo chini ya 130 na vifo vingi zaidi kabla ini halijapatikana.

Mzazi akisikia sodiamu imeshuka huwaza kijiko cha chumvi. Asithubutu! Mara nyingi mwili wa mtoto huyo una sodiamu kupita kiasi, ila maji yamezidi zaidi, kama uji uliozimuliwa: sukari ni ileile, utamu umepotea.

Yote huanzia kwenye makovu hayo ya ini. Ini likishakuwa gumu, damu itokayo matumboni haipiti vizuri. Mishipa ya huko hutanuka, damu nyingi hutuama humo, na mwili hudhani umeishiwa damu. Ubongo humwaga vasopresini, homoni inayoziamuru figo zisiachie maji. Mtoto hukojoa kidogo, tumbo hujaa, kitovu hutokeza, na nepi ya asubuhi ni kavu. Chumvi ya ziada humwongezea maji ya tumboni tu. Kwa maoni yangu, namba ya sodiamu iliyoshuka inatangaza kuwa mzunguko wa damu umeelemewa, jambo ambalo bilirubini haiwezi kulisema. Kuiacha nje ya alama za mtoto ni kumpima nusu.

Tiba huenda polepole: dawa za kukojosha husitishwa au kupunguzwa, maji hupimwa, albumini hupitishwa kwenye mshipa. Sodiamu ikipandishwa kwa pupa, zaidi ya milimoli 8 hadi 10 kwa siku, ala za neva katika shina la ubongo huweza kuharibika. Ndiyo maana daktari wa usingizi huiangalia tena na tena wakati wa upasuaji wenyewe wa kupandikiza ini, kwani damu ya kuongezewa, dripu za chumvi na bikaboneti huweza kuirusha juu kwa saa chache.