Alama ya Kidole Isiyobeba Maelezo Yake

Kambi za Dadaab zilianza kufunguliwa mwaka 1991, Somalia ilipoporomoka. Ukame ulipobana, wafugaji Wakenya wa Garissa nao waliandikisha watoto wao kambini ili wapate chakula, matibabu na shule. Miaka ikapita, watoto wakatimiza 18, wakaenda kuomba kipande, yaani kitambulisho cha taifa. Alama za vidole zilipolinganishwa na hifadhidata ya wakimbizi, jibu likatoka: huyu ni mkimbizi. Shirika la Haki na Sheria la Garissa limekadiria waathiriwa kuwa 40,000 hivi. Bila kipande, mtu hasajili laini ya simu, hafungui akaunti ya benki, hapigi kura.

Wengi hulaumu mashine ya vidole. Mimi naona kosa liko kwenye makabidhiano ya taarifa kutoka mfumo mmoja hadi mwingine. Chukua mfano: programu zinazoendesha kazi za ofisi huigawa shughuli kubwa katika michakato midogo. Kwa kanuni za BPMN, lugha ya kuchorea michakato ya kazi ambayo toleo lake la pili lilitoka 2011, mchakato mdogo uliochorwa ndani ya mkubwa huona data zote za mkubwa. Ule unaojitegemea na kuitwa kutoka nje hupata tu kilichotajwa kuwa upewe, nao hurudisha tu kilichotajwa kuwa kirudi. Ukiupitishia mkopo wa 50,000 bila kutaja sarafu, hautauliza kama ni shilingi au dola. Utapiga hesabu na kutoa jibu safi lenye makosa. Ndivyo ilivyo kwa kidole: kinathibitisha kwamba aliyeandikishwa kambini na anayeomba kipande leo ni mtu mmoja, basi. Uraia wa wazazi wake, umri wake siku ile na sababu ya kupelekwa kambini, hayo yote hayamo katika kidole. Na njia ya kurudi ni mbovu zaidi. Mwaka 2019 serikali iliwahoji maelfu ya watu hawa, lakini wengi waliothibitishwa kuwa Wakenya waliendelea kusubiri, kwa kuwa rekodi ya zamani ilibaki vilevile.

Kuna hoja ya usalama, na haipuuzwi katika mji ambao tarehe 2 Aprili 2015 ulipoteza watu 148 katika shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa. Ukaguzi lazima uwepo. Lakini ukaguzi usiotofautisha mtoto wa miaka mitatu aliyebebwa na mama yake wakati wa njaa na mtu mzima aliyevuka mpaka juzi haumlindi mtu yeyote. Wengine watasema kupitisha maelezo zaidi kunahatarisha faragha, na ni kweli Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka kikusanywe kinachohitajika tu. Kinachohitajika hapa ni kidogo: mwaka wa kuandikishwa, umri wa siku ile, na nani aliyemwandikisha. Maradhi yake na mgao wa chakula wa familia vibaki kambini.

Februari 2025, akiwa Wajir, Rais Ruto alitia saini tangazo la kufuta kamati za kuwasaili waombaji wa vitambulisho wa kaskazini. Ni hatua kubwa, ila kamati ni hatua moja tu ya safari ya ombi. Ulinganishaji wa vidole ni nyingine. Anayekataliwa kwa sababu ya kidole apewe kwa maandishi rekodi iliyopatikana, na akishathibitishwa kuwa raia, uamuzi huo ufute jina lake katika hifadhidata ya wakimbizi bila yeye kwenda kuomba katika ofisi ya pili.