Pembe ya kona si uelekeo

Wandugu wafanyakazi, kwenye vilima vya malisho vya Masisi mtu hukuonyesha mlima kwa kidole, nawe waenda. Msituni Walikale huoni mbele. Hapo ni dira tu, ile busola yetu.

Siku moja tulipata barua: mwenzetu amevunjika mguu. "Fuateni digrii 70 mpaka kijito, kisha kateni kuume digrii 50." Kijitoni tukaishika 50 kwenye dira. Tulipotea saa mbili na kipoyi mabegani, na tulipomfikia alikuwa akitetemeka kwa baridi.

Ile 50 ilikuwa pembe ya kona, na pembe ya kona huhesabiwa toka njia unayoiacha. Uelekeo huhesabiwa toka kaskazini, kuzungukia kuume, 0 mpaka 360. Ukikata kuume, jumlisha: 70 na 50 ni 120. Ukikata kushoto, toa: inabaki 20. Ikipita 360, punguza 360: 340 na 50 ni 390, basi shika 30. Ikishuka chini ya 0, ongeza 360. Kurudi na mgonjwa, ongeza 180 (au toa, kama namba imefika 180): 120 inakuwa 300.

Tena dira hufuata kaskazini ya sumaku, ramani kaskazini ya kweli. Tofauti huandikwa pembeni mwa ramani, nayo hubadilika kwa miaka. Ikiwa ya mashariki, ijumlishe kwenye namba ya dira; ya magharibi, itoe. Panga na sururu ziwe mbali, chuma huvuta sindano.

Nanyi mnaotuma barua, andikeni 120 yenyewe.